Shajara ya kutafuta ufadhili wa ufaulu katika vyuo vya Marekani, Agosti 2024 hadi Mei 2025

12 Agosti 2024: Tunapoanzia

Binti yetu ameanza darasa la 12 katika shule ya umma hapa Georgia, na kuanzia leo nitaandika humu kila hatua ya kumtafutia chuo pamoja na fedha za kumlipia. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa kuwa wazazi wenzangu wengi waliohamia huku wanakutana na fomu hizi kwa mara ya kwanza kama mimi, na mengi tunayoambiana tukitoka kwenye ibada au tukikutana harusini ni ya kusikia tu.

Hali yetu ni hii. Tuna ukazi wa kudumu, kwa hiyo binti yetu anaruhusiwa kuomba msaada wa serikali kuu. Mapato yetu ya mwaka 2023 hayakufika dola 75,000. Mimi na mama yake tumekaa, tukapiga hesabu, tukakubaliana kwamba tunaweza kutoa dola 9,000 kwa mwaka bila kukopa. Kwenye karatasi ya shule wastani wake ni 3.86, na SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo katika udahili, alioufanyia shuleni masika yaliyopita ulimpa 1320.

Maswali ninayotaka kuyajibu ni mawili. La kwanza ni wapi fedha za ufadhili zinapatikana. La pili, ambalo limeninyima usingizi, ni kama kuomba fedha kunapunguza nafasi ya kupokelewa, kwa sababu rafiki mmoja ambaye mwanawe amemaliza chuo aliniambia kwa uhakika kabisa: «Ukiuliza habari za pesa, wanamtupa mtoto nje.»

Orodha yetu ya kwanza ina vyuo 14, na karibu vyote ni vile ambavyo majina yake hata bibi yake anayajua.

1 Septemba 2024: Orodha ya kwanza yavunjwa

Nimepoteza wiki mbili kwa kutotofautisha fedha za aina mbili. Msaada wa uhitaji hutolewa kwa kuangalia mapato na mali za familia. Ufadhili wa ufaulu hutolewa kwa kumwangalia mwanafunzi mwenyewe: alama zake, kipaji chake, uongozi wake. Vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi vya zamani kama Harvard na Yale, havitoi ufadhili wa ufaulu hata kidogo. Fedha zao zote ni za uhitaji. MIT na Stanford nao hawatoi fedha kwa sababu ya alama nzuri. Mzazi akiweka vyuo hivyo kwenye orodha akitegemea kwamba ufaulu wa mtoto utamlipia ada, amejenga juu ya mchanga, na sisi tulikuwa tumejenga hapo mara sita.

Kilichotufungua macho ni waraka uitwao Common Data Set, ambao vyuo vingi huutoa kila mwaka kwa mpangilio uleule, hivyo ukijifunza kuusoma wa chuo kimoja umejua kuusoma wa vyote. Sehemu ya C7 inaonyesha chuo kinatilia uzito mambo gani katika udahili, pamoja na kama nia ya mwombaji kwa chuo hicho inahesabiwa. Sehemu ya C9 inaonyesha alama za SAT za robo ya chini na robo ya juu ya waliojiunga. Sehemu ya H2A inaonyesha ni wanafunzi wangapi wasio na uhitaji walipewa fedha na chuo, na kwa wastani kiasi gani. Hiyo H2A ndiyo inayosema kweli kuhusu ufadhili wa ufaulu, kwa sababu mtu asiye na uhitaji akipewa fedha, amepewa kwa sifa zake.

Nilichukua daftari nikachora mistari mitatu kwa kila chuo: alama za robo ya juu, kiasi cha wastani cha H2A, na gharama yote kwa mwaka. Mfano, chuo kimoja maarufu kilikuwa na robo ya juu ya SAT zaidi ya 1550, na mstari wa H2A ulikuwa na sifuri. Chuo kingine binafsi cha jimbo jirani, ambacho sikuwahi kukisikia, robo yake ya juu ilikuwa 1340 na sehemu kubwa ya wanafunzi wasio na uhitaji walikuwa wamepewa fedha. Niliporudia zoezi hili kwa vyuo vyote 14 nikaona kitu kilekile kila mahali: fedha za ufaulu hutolewa pale ambapo mtoto yuko juu ya wenzake watakaojiunga naye, na hapo ndipo pia nafasi yake ya kupokelewa ni kubwa zaidi. Mambo hayo mawili hayavutani. Yanaamuliwa na orodha, kabla hatujajaza fomu yoyote.

Tumebaki na vyuo vinane. Binti yangu alilia kidogo kwa kuondolewa chuo kimoja alichokiota tangu darasa la nane, nami sikumharakisha. Matokeo ya SAT ya tarehe 24 Agosti yakitoka tutapanga upya. Gharama ya mtihani huo ilikuwa dola 68.

22 Septemba 2024: Wastani wetu haukuwa wastani

Matokeo yametoka: 1390. Tumefurahi, halafu tukapata pigo.

Georgia ina ufadhili wa HOPE, ulioanza mwaka 1993 na unaolipwa kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo, pamoja na ngazi ya juu yake iitwayo Zell Miller, inayotaka wastani wa 3.7 na SAT ya angalau 1200. Mimi nilikuwa nimeshaandika «Zell Miller: tayari» kwa kalamu ya wino. Tulipofungua akaunti ya GAfutures, tovuti ya jimbo ya habari za ufadhili, wastani uliokuwa umeandikwa pale ulikuwa 3.66.

Nilidhani ni kosa la mtu, nikaenda shuleni. Mshauri wa wanafunzi alinionyesha mahali penyewe kwenye karatasi, kwa ncha ya penseli, somo baada ya somo. Jimbo huhesabu masomo ya msingi tu, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii na lugha ya kigeni. Kwaya na mazoezi ya viungo, ambako binti yangu ana A tupu, hayamo. Pili, jimbo huondoa pointi za nyongeza zilizowekwa na shule kwa masomo magumu, kisha lenyewe huongeza nusu pointi kwa masomo ya AP, yaani ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, ambayo mwanafunzi alipata chini ya A. B zake mbili za hisabati, ambazo shule ilikuwa imezipandisha, zilirudi kuwa B.

Marekebisho: alama za darasa la 12 bado zinaingia kwenye hesabu, kwa hiyo nafasi ya kufika 3.7 ipo. Tangu mwaka wa masomo 2023–24 HOPE ya kawaida, inayotaka 3.0, nayo imekuwa ikilipa ada yote ya masomo katika vyuo vya umma vya Georgia, hivyo hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko hasara yenyewe. Lakini ada ya masomo si malazi, si chakula, si vitabu, na fedha hizi hazivuki mpaka wa jimbo.

Fedha hizi ni za jimbo, kwa hiyo kuzistahili au kutozistahili hakubadilishi uamuzi wa udahili wa chuo chochote. Wazazi wa darasa la tisa wafungue akaunti hiyo sasa, wasisubiri kama sisi. Vilevile mtihani wa PSAT, ambao ni wa kujiandaa na SAT, wa Oktoba ya darasa la 11 ndio unaoingiza watoto katika National Merit, shindano la ufadhili la nchi nzima, na wetu ulipita mwaka jana binti yangu akiufanya bila kujua kwamba una kazi yoyote.

16 Oktoba 2024: Maombi ya kwanza na kisanduku cha «ndiyo» au «hapana»

Jana ilikuwa tarehe ya mwisho ya maombi ya mapema ya University of Georgia, na kwa wakazi wa jimbo ya Georgia Tech pia. Yote mawili yameshatumwa. Maombi ya aina hii hayakufungi, yaani ukipokelewa una uhuru wa kukataa. Mambo ya insha na barua za mapendekezo yalikwenda kama inavyotarajiwa.

Kazi ilikuwa kwenye vyuo binafsi vya Novemba. Ndani ya Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, vyuo vingi vina maswali mawili yanayofuatana: kama mwombaji anakusudia kuomba msaada wa uhitaji, na kama anakusudia kuomba ufadhili wa ufaulu. La pili tulijibu «ndiyo» bila kusita. Kwenye la kwanza binti yangu alisimamisha kidole juu ya kipanya, akaniangalia.

«Baba, hapa nijibu nini?»

Nikakumbuka maneno ya rafiki yangu. Nikamwambia ajibu «hapana» kwa vyuo vitatu, ambavyo humu nitaviita A, B na D, ili kwanza apokelewe, habari za fedha tutazungumza baadaye. Naandika uamuzi huu kama ulivyokuwa, kwa sababu mpaka leo naamini ni wa busara, na nitaurudia matokeo yakionekana.

4 Novemba 2024: Tulivyokataa kujifunga

Maombi ya tarehe 1 Novemba yametumwa kwa A, B na University of Alabama. Hiki cha mwisho huweka hadharani jedwali la alama na kiasi cha fedha kinachotolewa moja kwa moja, kwa hiyo tulijua kiasi chetu kabla ya kuomba. Hiyo ni amani kubwa, hata kama gharama iliyobaki ilikuwa juu ya uwezo wetu.

Chuo D kilitutumia barua pepe nyingi kikitushawishi tuombe kwa njia ya mapema inayofunga, ambayo mwanafunzi akipokelewa anaahidi kujiunga na kufuta maombi mengine. Nilivutiwa, kwa sababu katika vyuo vingi kiwango cha kupokelewa kwa njia hiyo huonekana kikubwa zaidi. Mshauri wa shule alituzuia kwa hoja moja tu. Ahadi ile husainiwa na mwanafunzi, mzazi na mshauri. Na ingawa chuo humwachia mwanafunzi ikiwa msaada wa fedha hautoshi, familia iliyojifunga haina barua nyingine mkononi ya kulinganisha. Mtu anayetafuta ufadhili wa ufaulu hutafuta bei, na bei hujulikana kwa kulinganisha. Kwa hiyo hapa kuna kona moja ambayo fedha na udahili vinavutana kweli: kutojifunga kunaweza kumpunguzia mtoto nafasi katika chuo kile, na familia yetu imeamua kulibeba hilo.

2 Desemba 2024: Siku tisa za FAFSA na tarehe iliyotuponyoka

Fomu ya FAFSA, yaani ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, ya mwaka 2025–26 ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 21 Novemba, badala ya tarehe 1 Oktoba iliyozoeleka miaka ya nyuma. Tuliianza usiku uleule, na ikatuchukua siku tisa.

Kosa la kwanza lilikuwa la majina. Mama yake alifungua akaunti kwa majina yaliyo kwenye cheti chetu cha ndoa, wakati kadi yake ya Social Security (hifadhi ya jamii) ina majina yake kwa mpangilio mwingine, na mfumo ukakataa kumtambua. Akaunti lazima ifuate kadi, herufi kwa herufi. Tulipoteza siku tano tukibadilisha na kusubiri uthibitisho. Kosa la pili ni kwamba haikuwa lazima ahusike kabisa: wazazi waliooana na kuwasilisha kodi kwa pamoja huhitaji mmoja wao tu aingie kwenye fomu. Nilipomwondoa na kuingia mimi peke yangu, nikatoa idhini taarifa za kodi ya 2023 zivutwe, fomu ikaisha kwa dakika arobaini.

Tulipomaliza tarehe 30, tulilala kwa furaha. Asubuhi ya leo binti yangu ameamka na kugundua kwamba chuo kingine, nitakachokiita C, ambacho tarehe yake ya mwisho ya udahili ni Januari, kilikuwa na tarehe nyingine ya wanaotaka kufikiriwa kwa ufadhili wa ufaulu, nayo ilikuwa jana, tarehe 1 Desemba. Tarehe ile haikuwa siri. Mimi ndiye niliyeandika kwenye kalenda tarehe moja tu kwa kila chuo.

Jambo hili ni la kawaida mno kuliko nilivyofikiri. Boston University hutumia tarehe 1 Desemba kwa ufadhili wake mkubwa, Emory hutumia tarehe 15 Novemba, na University of Southern California huwataka wanaotafuta ufadhili huu waombe kufikia tarehe 1 Novemba, yote hayo kabla ya Januari ya maombi ya kawaida. Ya Emory tuliiwahi kwa sababu mwalimu mmoja alitukumbusha.

Marekebisho: kalenda sasa ina safu nne kwa kila chuo, yaani tarehe ya udahili, tarehe ya ufadhili, tarehe ya fomu za fedha, na jina la fomu zinazotakiwa. Maombi ya chuo C tulikuwa tumeshayalipia dola 80. Tumeyaacha yaendelee, lakini bila fedha hakifikiki.

18 Desemba 2024: Gharama ya «hapana»

Habari njema kwanza. University of Georgia wamempokea. Chuo A wamempokea na kumpa ufadhili wa ufaulu wa dola 24,000 kwa mwaka. Chuo B, kile cha jimbo jirani ambacho robo ya juu ya SAT ni 1340, wamempokea, wakampa dola 29,000, na wakamwalika kwenye usaili wa Februari wa ufadhili mkubwa zaidi.

Kisha nikasoma barua ya A kwa utulivu. Gharama yote kwa mwaka ni dola 68,400. Ukiondoa 24,000 inabaki 44,400, na chini yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba kwa kuwa mwombaji hakukusudia kuomba msaada wa uhitaji, hakuna msaada mwingine uliofikiriwa. Nilisoma sentensi ile mara tatu nikiwa nimesimama jikoni na koti la kazini bado mwilini.

Nilipiga simu ofisi ya fedha ya chuo, na mama aliyeipokea alinieleza kwa upole yale ambayo nilipaswa kuyauliza mwezi Agosti. Kwa waombaji raia na wakazi wa kudumu, chuo chao huamua udahili bila kuangalia uhitaji. Wanaosoma maombi hawaoni jibu la kisanduku kile. «Hapana» yetu haikutusaidia kupokelewa hata kwa unywele, na ilitufungia mlango wa fedha. Aliniambia mlango bado unaweza kufunguliwa tukituma FAFSA na CSS Profile, fomu nyingine ya fedha inayotakiwa na baadhi ya vyuo, kabla ya tarehe 1 Februari.

Baada ya simu ile nilikaa na binti yangu tukapitia ukurasa wa sera ya fedha wa kila chuo kilichobaki, na hivi ndivyo tulivyoelewa. Kuomba ufadhili wa ufaulu hakumpunguzii mwombaji nafasi ya udahili, kwa sababu kwa kawaida chuo huamua kwanza kumpokea, kisha hutumia fedha hizo kumshawishi aje. Wakati mwingine hata hakuna maombi ya pembeni. Kila aliyepokelewa hufikiriwa. Kuomba msaada wa uhitaji ni habari nyingine: vyuo vingi havitazami uhitaji wa wakazi wa Marekani, lakini baadhi ya vyuo binafsi husema wazi kwamba hutazama uwezo wa kulipa, hasa bajeti inapokaribia kwisha na viti vya mwisho vinagawanywa. Kwa mwanafunzi anayetoka nje ya nchi vyuo vya aina hii ni vingi zaidi, na huko kisanduku kile kina uzito wa kweli. Rafiki yangu hakuwa mwongo, maana mwanawe aliomba kwa viza ya mwanafunzi. Ushauri wake ulikuwa wa mtu mwenye hali yake, nami niliubeba mzimamzima.

Katika orodha yetu chuo D ndicho pekee kinachosema kinatazama uhitaji. Tulijadili kwa jioni nzima. Binti yangu ndiye aliyekata shauri: kupokelewa mahali ambapo hatuwezi kulipa ni sawa na kutopokelewa, ila kunauma zaidi. Tumewaandikia D wabadilishe jibu liwe «ndiyo», nao wamethibitisha. A na B nao tumewaandikia, na FAFSA sasa imeongezwa vyuo vyote, kwani inaruhusu hadi vyuo 20. CSS Profile tumeijaza bila malipo, kwa kuwa mapato yetu yako chini ya dola 100,000. Wasiosamehewa hulipa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachoongezwa.

9 Februari 2025: Usaili

Usaili wa chuo B umefanyika jana kwa video, dakika 25, mbele ya walimu wawili na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu.

Tulikosea maandalizi. Nilimwandikia majibu kumi, akayakariri, na tulipofanya jaribio Jumatano na mwalimu wake wa historia, mwalimu alimsimamisha katikati ya jibu la pili akamwambia, «Huyu anayezungumza ni baba yako.» Tukayatupa. Siku mbili zilizobaki alifanya jambo moja tu: kusimulia, kila mara kwa maneno mapya, kazi ya kuwatafsiria wazee kliniki ambayo ameifanya kila Jumamosi kwa miaka miwili. Walimuuliza ni jambo gani alilokuwa akiliamini na sasa haliamini tena. Nilikuwa chumba cha pili, nikasikia akinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, kisha akasema alikuwa akiamini kwamba mtafsiri mzuri haongezi neno lake, mpaka siku mzee mmoja alipoitikia «ndiyo» kwa daktari kwa heshima tu, bila kuelewa, na yeye akalazimika kumwambia daktari kwamba ile «ndiyo» si ya kukubali.

Kosa jingine tuliligundua tukiwa tumechelewa: insha ya ufadhili ya chuo A, tuliyoinakili kutoka ya B, ilibaki na jina la B katika aya ya mwisho. Tuliandika kuomba radhi na kutuma nakala sahihi. Hawakujibu.

30 Machi 2025: Barua zote mezani

Georgia Tech na D wamemkataa, na Emory wamemweka kwenye orodha ya kusubiri. Kwa D sitasema kwamba ni kwa sababu ya kisanduku, wala sitasema si kwa sababu hiyo, maana chuo hakitoi sababu. C wamempokea bila fedha yoyote ya ufaulu. Ufadhili mkubwa wa B hakuupata, lakini kila aliyefika usaili aliongezewa dola 3,000, kwa hiyo wake sasa ni 32,000. Kushindwa kwenye ufadhili hakukugusa udahili wake.

Hesabu za vyuo vitatu vilivyobaki kwa mwaka wa kwanza ni hizi. Ruzuku ya serikali kuu ya Pell kwetu imekuja dola 4,200, wakati kiwango cha juu ni 7,395. University of Georgia: gharama karibu 28,500, jimbo linalipa ada ya masomo karibu 10,000, Pell 4,200, tunabaki na 14,300. Chuo A: gharama 68,400, ufaulu 24,000, msaada wa uhitaji tuliouokoa Desemba 13,300, Pell 4,200, tunabaki na 26,900. Chuo B: gharama 54,000, ufaulu 32,000, uhitaji 5,000, Pell 4,200, tunabaki na 12,800.

Angalieni A. Barua yake ilikuwa na jumla ya fedha kubwa kuliko zote, dola 41,500, ikashika mkia. Mzazi asome mstari wa mwisho.

Sijahesabu mkopo wa serikali kuu wa dola 5,500 ambao kila chuo kiliuandika ndani ya jumla ya «msaada», wala kazi ya chuoni, kwa sababu mkopo utalipwa na mshahara utatoka jasho.

19 Aprili 2025: Rufaa, na ufadhili wa nje uliotaka kumezwa

Tuliwaandikia B barua ya ukurasa mmoja tukieleza tofauti ya dola 3,800 kati ya kiasi kinachobaki na uwezo wetu, tukiambatisha barua ya A inayoonyesha kwamba huko msaada wa uhitaji umekuwa mkubwa zaidi, na tukaeleza kwamba mapato ya 2023 yalikuwa na saa za ziada ambazo sasa zimefutwa kazini kwangu. Nakala tatu za hati ya malipo zilithibitisha. Baada ya siku 11 waliongeza 3,000 kwenye msaada wa uhitaji. Ufadhili wa ufaulu haukuguswa. Waliniambia huo hupangwa kwa kiwango na haurudiwi.

Wiki hiyohiyo binti yangu alipata dola 2,000 kutoka kwa wakfu mdogo wa hapa mtaani. Tuliitangaza kwa chuo kama inavyotakiwa, na wakajibu kwamba msaada wao wa uhitaji utapungua kwa dola 2,000 zilezile. Nilihisi kama mtu aliyepewa kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa kwa wa kushoto. Marekebisho yalikuwa kuuliza swali moja kwa maandishi: je, fedha ya nje inaweza kwanza kupunguza kazi ya chuoni na mkopo kabla ya kugusa ruzuku? Wakakubali kuondoa dola 2,000 za kazi ya chuoni, na ruzuku ikabaki. Kinachobaki sasa ni dola 7,800.

1 Mei 2025: Amana imelipwa

Leo ni siku ya mwisho ya kuvijibu vyuo, na binti yetu amethibitisha chuo B kwa amana ya dola 400. Kabla ya kulipa tulisoma masharti ya kudumu kwa ufadhili: wastani wa 3.2 kila mwaka, mihula minane, na kiasi kilekile cha 32,000 hata ada ikipanda. Gharama ikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, mwaka wa nne utakuwa karibu dola 60,700, yaani 6,700 juu ya leo, na ufadhili utakuwa umesimama palepale. Ndiyo sababu dola 1,200 tulizookoa chini ya bajeti ya mwaka wa kwanza zimewekwa kwenye akaunti ya mwaka wa nne.

Matumizi yote mpaka leo: SAT dola 68, ada za maombi kwa vyuo vinane dola 505, kutuma alama dola 42, mafuta ya safari moja ya kukitembelea chuo B dola 110, amana 400. Jumla ni dola 1,125. Kati ya hizo, 80 za chuo C zilipotea kwa tarehe niliyoiacha.

Vyuo vingine tumeviandikia kuvishukuru na kukataa, ili nafasi zao ziende kwa wanaosubiri. Kalenda ya safu nne bado ipo ukutani. Mdogo wake anaingia darasa la tisa Agosti, na akaunti yake ya GAfutures tumeifungua jana usiku.